Tulienda Dar kwa pointi, nusu ya stori sikuwaambia

Wadau, mwenzenu naishi Houston. Mwaka jana nilitamba kwenye status: "Dar tunakuja kwa pointi!" Leo naweka wazi.

Kadi iliahidi pointi 60,000 nikitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Matumizi yetu hayafiki huko, basi nikanunua mpaka sofa. Baba watoto akauliza, "Mke wangu, sofa la nini?" Nikamjibu hiyo ndiyo tiketi ya kwenda kwa bibi.

Pointi zikaingia kweli. Pointi moja mara nyingi ni kama senti moja, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: zikatosha mtoto mmoja, kwenda tu, na kodi za uwanja wa ndege nikalipa mfukoni. Zilizobaki zote nikazipiga kwenye kadi ileile, riba zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Bado nalipa.

Kumwona mama akimbeba mjukuu aliyemjua kwa video call tu, hapo sijutii hata kidogo.

Shida ni voice note ya juzi: "Mwanangu, zile pointi zako, mkatie na mdogo wako tiketi aje huko."

Nimeisikiliza mara tatu. Sijajibu.