Daftari la mamangu limenishinda akili

Sikilizeni wanangu. Leo nazungumzia kitu ambacho wengi wetu twakiruka: logi, ile kumbukumbu ambayo programu hujiandikia kila ikifanya jambo.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Hapa Bofu nikaanza kuwagawia majirani Wi-Fi kwa ruta moja yenye OpenWrt, na kiprogramu changu cha kuhesabu nani amelipa. Nikakiweka GitHub bure, anayetaka achukue.

Jioni moja mama anayeuza viazi karai akanijia. "Mwanangu, jana nimelipa mia yangu ya wiki, mbona wanikatia?"

Nikafungua logi. Za jana hakuna. OpenWrt kwa kawaida huweka logi kwenye memori tu, na usiku stima ilikuwa imepotea. Hata za leo zilikuwa bure: "mteja amelipa poa", "imekubali", "hapa kuna shida". Mteja yupi? Shilingi ngapi? Nikamrudishia mia yake, lakini sikujua kama nimemdhulumu au nimedanganywa. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa mamangu ana kibanda cha M-Pesa. Daftari lake lina safu: tarehe, namba ya muamala, jina, kitambulisho, kiasi, sahihi. Ukija na ugomvi wa wiki jana, anashusha kidole kwenye safu moja, kwisha. Mimi mtu wa kompyuta nilikuwa naandika hadithi.

Nikaanza kuchagua. Syslog ni ya tangu miaka ya 1980 na iko karibu kila mahali. RFC 5424 ya 2009 iliipa nafasi ya data yenye majina, ila wengi bado wanaandika sentensi tu. Journald ya systemd iko sawa kabisa, kila kitu kina jina na unatafuta kwa journalctl. Lakini faili zake hazisomeki kama maandishi ya kawaida, na OpenWrt yenyewe haina systemd. JSON kompyuta zinaipenda, ila macho yangu saa saba usiku hayaipendi.

Nikaamua hivi, kila tukio mstari mmoja:

tukio=malipo mteja=m17 kiasi=100 matokeo=sawa

Grep yatosha. Kuhifadhi wapi, aamue mwenye mashine. Mimi kwangu naandika kwenye flashi. Ukitoa programu huria hujui itafika kwenye mashine gani, basi usimlazimishe mtu ghala lako. Chagua safu vizuri, na ukishazipa majina usizibadilishe ovyo, maana kuna mtu ashazitegemea.

Kitu kimoja tu sikuiga kwa mamangu: jina, simu na kitambulisho. Daftari lake linabaki kibandani, lakini logi tunazituma kwa watu tusiowajua tukitafuta msaada. Na Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kwa hivyo mama wa viazi ni m17, basi.

Juzi amekuja tena, amekatiwa siku mbili kabla ya wakati. Nikashusha kidole. Malipo yapo, tarehe ipo, hesabu yangu ndiyo mbovu. Nikamwomba radhi, nikamrudishia siku zake.

Safari hii angalau nilijua mkosa ni nani.