Ndoo ya Kachulu

Mwaka wa 2018 tulikuwa tukikaa Area 25, Lilongwe, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kidato cha kwanza. Mama alikuwa akinunua matemba, samaki wadogo wakavu, kwa gunia, akawapeleka Dzaleka kuwauza kwa kikombe. Dzaleka ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, iliyofunguliwa mwaka wa 1994, na sokoni kwake utasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi tangu alfajiri. Ada yangu yote ilitoka katika vikombe hivyo.

Matemba wetu walitoka Ziwa Chilwa, mashariki ya Zomba. Basi mwezi mmoja gunia likapanda bei, na mwezi wa pili halikuonekana kabisa. Mama akadhani tajiri anamficha mali. Akasema, "Twende tukaone wenyewe." Tukapanda basi hata Zomba, na kutoka hapo gari la mizigo hata bandari ya Kachulu.

Nasema bandari, lakini maji hayakuwapo! Mitumbwi ililala juu ya udongo uliopasukapasuka kama ukoko wa ugali. Upepo ukivuma, vumbi la chumvi lilituingia machoni. Wavuvi wengi walikuwa wamekwisha hamia Ziwa Malawi.

Mzee mmoja alitueleza, nami nikawa nafasiri, maana mama hajui Kichewa vizuri. Chilwa hupokea mito ya Domasi, Likangala na Phalombe, lakini hakuna mto utokao. Maji huondoka kwa kukaushwa na jua tu, na chumvi hubaki. Mvua ikipungua kwa miaka kadha, ziwa huisha. Liliisha mwaka wa 1968, likaisha tena mwaka wa 1995. "Lakini halifi," alisema mzee, "mbegu imo." Mbegu ndiyo samaki waliokimbilia vidimbwi vya mitoni na ndani ya matete, hasa mlamba, yaani kambare, ambaye huweza kuvuta hewa ya juu. Mvua ikirudi, hao huzaa na kulijaza ziwa.

Mama akaniambia, "Mwulize kama hiyo mbegu inauzwa." Nilidhani anafanya mzaha. Jioni kijana mmoja alileta ndoo ya samaki waliovuliwa katika dimbwi la mto. Mzee alitazama kando. Bei niliipatanisha mimi, kwa kinywa changu, hata ikashuka. Muhula uliofuata nililipiwa ada.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa jiografia alitufundisha habari za Siberia na Alaska. Huko ardhi imeganda chini tangu zamani, nayo huyashika maji ya maziwa kama sufuria. Siku hizi dunia inapata joto, na ardhi ile inayeyuka. Maji hupenya chini, au ukingo hukatika, na ziwa zima laweza kwenda zake kwa siku chache tu. Majani huota palipokuwa maji, na ndege na samaki hukosa makao. Wenzangu waliandika katika madaftari yao. Mimi nilikuwa Kachulu. Sufuria yetu haijatoboka, nilijiambia, ikinyeshewa hujaa. Lakini ikijaa maji matupu?

Ninyi mliokwisha kuacha shule, kama mimi sasa, mtakumbuka mvua za Machi 2019, zilizoleta mafuriko makubwa Zomba na Phalombe. Maji yalianza kurudi Chilwa, na baadaye matemba nao wakarudi sokoni. Gunia la kwanza mama alilifungulia nyumbani, nami nikamwuliza kama anaikumbuka ile ndoo.

"Ulitaka nilipe ada kwa kitu gani, mwanangu?" akasema, akaendelea kupima vikombe.