Nyumba Tuliyoinunua kwenye Mnada



Kwa miaka 16 mimi na mke wangu tuliishi katika nyumba za kupanga hapa Morogoro. Kwa hiyo nilipoona gazetini tangazo la mnada wa nyumba ya vyumba vitatu huko Kihonda, nililikata nikaliweka ndani ya Biblia, na jioni ile tukaanza novena.

Nyumba hiyo iliwekwa rehani benki, na mwenyewe akashindwa kurejesha mkopo. Tulikwenda kuiangalia mara mbili. Fundi wetu alitafuta nyufa kwenye msingi akakosa, akapanda darini akashuka akisema mbao hazina mchwa. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi vizuri. Uani kulikuwa na mwembe, na asumini iliyofungwa kamba ili upepo usiiangushe. Majirani walitukaribisha, na mzee mmoja alitutolea viti tukae kivulini. Mke wangu akaninong'oneza, "Ni hapa."

Tulifuata taratibu zote. Tulifanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi. Tulihakikisha pia kwamba mke wa mkopaji aliridhia rehani, kama Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyotaka kwa nyumba ya ndoa. Asubuhi ya mnada dalali alisimama barazani akapaza sauti. Majirani walijaa hadi barabarani, lakini hakuna hata mmoja aliyenyosha mkono. Nilidhani hawana fedha. Tulishindana na wanunuzi wawili kutoka mjini, tukashinda. Robo ya bei tulilipa papo hapo, na iliyobaki ndani ya siku 14, kwa akiba yetu na mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa.

Siku tuliyohamia, jirani wa kushoto alileta chupa ya chai na maandazi. Wa kulia alimtuma kijana wake asaidie kupanga vitanda. Paroko alikuja kubariki nyumba. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilimaanisha.

Oktoba, mwezi wa Rozari, jumuiya yetu ndogo ndogo ilisali kwetu. Miongoni mwa waliokuja alikuwepo mama mmoja ambaye sikumfahamu. Alisimama getini kidogo, kisha akaingia na kukaa mkekani karibu na mlango. Giza lilipoanza kuingia, tukiwa kwenye fumbo la nne, alinyosha mkono nyuma ya pazia bila kuangalia, akawasha taa. Swichi hiyo imejificha. Sisi wenyewe ilituchukua siku mbili kuiona.

Majirani wote waliinamisha vichwa. Ndipo nilipofahamu nyumba ile ilikuwa ya nani.

Baada ya sala nilimuuliza yule mzee wa viti. Aliniambia kwamba kabla ya mnada majirani walikubaliana: hakuna atakayenyosha mkono kununua nyumba ya mwenzao. Hawakutuchukia sisi tulionyosha. Ila wao wasingeweza kupita mbele yake kila siku.

Usiku ule sala ya Baba Yetu ilinishinda. Katika Injili ya Mathayo, kile tunachoomba tusamehewe kinaitwa deni. Nikakumbuka pia Kumbukumbu la Torati sura ya 24: mkopeshaji haruhusiwi kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani, bali asimame nje, mwenyewe amtolee. Hata mtu mwenye deni huachiwa heshima mlangoni pake. Mimi niliipandia bei nyumba ya mtu kwenye baraza yake mwenyewe.

Nilikwenda kwa paroko. Nilitegemea ama aniondolee hatia ama anipe malipizi. Aliniuliza swali moja tu: "Kununua si dhambi. Lakini umekwenda kuwasalimia?"

Sikuwa nimekwenda.

Tulikwenda Jumapili baada ya Misa, mimi na mke wangu, na kilo mbili za sukari. Wamepanga vyumba viwili karibu na soko. Mumewe amelala, kiharusi kimemshika upande mmoja. Walikopa ili kupanua duka, ugonjwa ukaja, mtaji ukaishia hospitalini. Notisi ya benki ya siku 60 waliificha kabatini kwa aibu. Hata jumuiya haikujua mpaka tangazo lilipotoka.

Niliandaa maneno mengi ya kumfariji, sikuyasema. Mama yule ndiye aliyeongea. "Mwalimu, kama si nyinyi angenunua mwingine. Kilichotuuma ni watu kuacha kuja. Wanaona haya kuliko sisi." Kisha akamgeukia mke wangu: "Mmeshazibua mfereji wa nyuma ya jiko? Zibueni kabla ya masika, la sivyo maji yataingia mpaka chumba cha watoto."

Hatukujua kama kuna mfereji. Tulipofukua tuliukuta umejaa majani na mchanga. Masika ile maji yalipita uani kama mto, na ndani hatukupata hata tone.

Sasa embe zikiiva, ndoo ya kwanza inakwenda kwao. Mume anapelekewa Komunyo, na wanajumuiya wamerudi kumtembelea. Mwaka jana mwenzetu mwingine alipopata notisi, hakuificha. Wawili kati yetu tulikwenda naye benki kuomba marejesho yapangwe upya kabla siku 60 hazijaisha. Walikubali. Kama tungefanya hivyo mapema, huenda mimi bado ningekuwa mpangaji, na wao wangekuwa kwao.

Ninyi mafrateri, siku moja mtaitwa kubariki nyumba kama yetu, safi na iliyotunzwa. Barikini, msisite. Kisha ulizeni aliyeitunza hivyo yuko wapi leo, na kama kuna aliyekwenda kumsalimia.

Masika yanakaribia tena. Jumamosi hii nitazibua mfereji.