Safari ya Kutafuta Kotapini Mjini Mombasa



Wasomaji wetu watukufu, anayesimama Likoni asubuhi akisubiri feri huona wazi namna baiskeli ilivyo chombo cha riziki katika pwani yetu. Yupo aliyepakia madafu hadi fremu haionekani, yupo aliyefunga trei za mayai kwenye kerieri, na yupo mwenye kikapu cha mikate kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Wengi wao wanazisukuma tu, kwani mzigo haukumwachia mwenyewe nafasi ya kupanda. Nyuma ya kila baiskeli ipo nyumba yenye karo, unga na kodi ya chumba.

Nilivuka hapo juma lililopita nikiwa na kipande cha chuma mfukoni, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kilikuwa cha jirani yetu wa huku ng'ambo ya kusini, mama mjane apikaye mahamri na mkate wa sinia. Mwanawe huvipeleka vibandani kwa baiskeli baada ya sala ya Alfajiri, kisha akaenda skuli. Baiskeli yao ni ile ya kizamani, nyeusi, ya magurudumu makubwa na breki za vyuma. Iliyokatika ni kotapini, yaani kile chuma chembamba kilichochongwa ubavu mmoja, kinachopita katika tundu la mkono wa pedali na kuukaza kwenye ekseli ya katikati. Isipokuwapo, mguu hukanyaga pedali na baiskeli isiende popote.

Fundi wa karibu nao hakuwa na kotapini. Kijana akapigilia msumari badala yake, nao ukapinda siku hiyo hiyo. Mkono wa pedali ukawa unacheza, na tundu likaanza kupanuka. Mama akalazimika kukodi bodaboda kila alfajiri. Nauli ikala faida, naye akapunguza unga anaoukanda. Hayo yote yalitokana na kitu ambacho bei yake haifiki ya kikombe cha chai na mahamri mawili. Kwa kuwa nilikuwa na shughuli mjini, nikaomba nipewe kile kipande kilichokatika nikitafutie mwenziwe.

Nilianza Mwembe Tayari, nikashuka polepole kuelekea Marikiti, nikiuliza kila duka la vyuma lililokuwa wazi. Vifaa vya pikipiki vilikuwa tele, vimening'inizwa mpaka milangoni. Tusisahau kwamba jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Leo pikipiki imerithi jina, na imerithi na rafu za madukani pia.

Katika duka la kwanza nikajibiwa kwa adabu, "Sheikh, hatuuzi kotapini peke yake. Tunayo seti nzima: mikono miwili, gurudumu la meno na ekseli yake." La pili walikuwa nazo chache, lakini nene kuliko ya kwetu. Muuzaji akanishauri, "Ipige nyundo, ami, itaingia tu." La tatu kijana alikigeuzageuza kile kipande kiganjani, akaniuliza ni cha mashine gani.

Nikamwuliza mwenye duka mmoja, mtu mzima mwenye subira, kwa nini mambo yamekuwa hivi. Akanieleza bila kuficha. Boksi la kotapini hukaa rafuni mwaka mzima, na faida ya moja ni shilingi chache mno. Saizi nazo si moja. Akiweka ya aina hii, mteja hutaka ile, na kodi ya duka haingoji. Nilimwelewa. Mfanyabiashara naye ana watoto.

Hilo la saizi lina historia yake. Baiskeli nyingi za zamani zilizofika kwetu zilitoka Uingereza, na mashuhuri zaidi ni Raleigh ya mji wa Nottingham, kampuni iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1880. Baadaye zikaja za India, kama Hero kutoka Ludhiana, na za China, kama Phoenix ya Shanghai. Kwa mbali zinafanana kama mapacha, lakini ukizifungua utaona kila moja ina tabia zake. Kotapini ya Kiingereza ina unene wa milimita 9.5, na zipo nyingine za milimita 9. Nusu ya milimita jicho haliioni, lakini tundu linaijua: nyembamba hucheza na nene haipiti. Vikombe vinavyoshika ekseli ya katikati kwa kawaida huwa na hesi 24 kwa kila inchi, ilhali Raleigh ilikuwa na zake za hesi 26, hivyo ukikilazimisha cha aina moja ndani ya fremu ya aina nyingine, unaharibu fremu yenyewe. Gololi nazo hutofautiana: za gurudumu la nyuma kwa kawaida ni robo inchi, na za mbele ni ndogo kuliko hizo.

Msidhani kwamba baiskeli za kisasa zimetuondolea taabu hii. Zile za mtumba zenye gia nyingi, ambazo watoto wetu huzipenda, zina kisikio kidogo cha chuma chini ya fremu kinachobeba kibadilisha gia cha nyuma. Kimetengenezwa kiwe laini, ili baiskeli ikianguka kipinde chenyewe na fremu isalimike. Hiyo ni hekima nzuri, ila maumbo ya visikio hivyo ni mamia, na mara nyingi cha baiskeli hii hakiingii katika ile. Mzazi huambiwa "hakuna," na baiskeli nzima ikatupwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya kisikio kisichojaa kiganja.

Adhuhuri ilipokaribia nikaelekezwa Majengo, kwa fundi mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Nikamsalimu, akanikaribisha kwenye benchi lake. Pembeni mwake ilipangwa mikebe ya maziwa ya unga, na katika kila mkebe mlikuwa na jamii moja ya vitu: nati, washa, gololi, valvu, koni za ekseli. Alikipima kile kipande kwa vidole, akamimina mkebe mmoja juu ya gunia, akachambua kama mama anayechagua mchele. Akapata kotapini tatu zilizotolewa katika baiskeli zilizokufa. Moja ilikuwa sawa kwa unene, ila ubavu wake haukuchongwa kwa kiasi cha kutosha. Akaibana, akaipiga tupa mara chache, akaipima tena, akaipiga tupa tena.

Kisha akanifundisha ili nikamfundishe kijana. Kotapini za pande mbili zinatiwa zikielekeana kinyume, moja ikiingilia juu na nyingine chini, ili mikono ya pedali ikae katika mstari mmoja. Wakati wa kuigonga, mkono wa pedali uegemezwe juu ya kitu kigumu, la sivyo kishindo kitaziumiza gololi za ndani. Nati hukaza tu kilichokwisha kuingia, haifanyi kazi ya nyundo. Na baada ya kuendesha siku moja au mbili, nati ikazwe tena, kwani chuma kipya hujikalia. Anayepuuza hili la mwisho hurudi kwa fundi kabla ya juma kwisha.

Nilipomsifu kwa mikebe yake, alitikisa kichwa. "Sheikh, hii nimeikusanya zaidi ya miaka thelathini. Wanangu wananiambia niiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mimi macho yananiacha. Sina mwanafunzi hata mmoja." Akataja ujira wake, mdogo kiasi kwamba niliona haya, nikamwongeza, naye akakataa ziada hiyo mara mbili kabla ya kuipokea.

Jioni kijana aliitia kotapini ile mbele ya mama yake, kwa namna tuliyoelekezwa, na alfajiri ya pili akatoka na kikapu. Mama amerudia kipimo chake cha zamani cha unga. Alhamdulillahi.

Kutokana na safari hiyo, nina machache ya kuwausia, hususan akina mama ambao ndio washika hazina ya nyumba. Kwanza, kifaa kikikatika, usitupe vipande vyake. Kipande kilichovunjika ndicho kipimo bora cha kupelekea dukani, kuliko maelezo ya mdomo. Pili, kabla ya kununua baiskeli, hata ikiwa nzuri namna gani, muulize fundi wa mtaani kwenu kama vifaa vyake vidogo vinapatikana. Tatu, wekeni nyumbani mkebe mmoja wa akiba: kotapini mbili, mpira mdogo wa valvu, nati za ekseli, gololi chache, viraka na gundi yake. Nne, wafundisheni watoto, wa kike na wa kiume, kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha ya kulia, kwani nyingi huharibika mikononi mwa mwenye nguvu asiyejua hilo. Na asiye na kotapini asipande kwa msumari. Heri kuisukuma kuliko kulipia mkono mzima.

Kwa wenye maduka, tunaomba hata kiboksi kimoja. Kununua seti nzima kwa sababu ya chuma kimoja ni israfu ambayo anayeilipa zaidi ni asiyekuwa nacho, na anayemtafutia mteja kitu kidogo ndiye atakayekumbukwa siku ya kununua kikubwa.

Na kuhusu mzee wetu wa Majengo, likizo ya skuli imekaribia. Nimezungumza na wazazi wawili, na wamekubali vijana wao wakakae naye asubuhi, wampangie mikebe, waandike saizi juu ya kila mmoja, na wajifunze kushika tupa. Benchi lake lina nafasi ya wengine wawili au watatu. Mzazi atakayependa mwanawe aende, tuonane baada ya sala ya Ijumaa, kabla mikebe ile haijafika kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Wabillahi tawfiq.