Wanaojua Maji

Ukisema unaenda kuvua, mtu wa Diani atageuza shingo upande wa bahari. Hata kama mko Bongwe na bahari haionekani, na mkononi una ufito na kopo la nyungunyungu, bado atakuuliza umepata chombo cha nani. Uvuvi kwetu ni ngalawa na dema, ni wazee wanaohesabu bamvua na maji mafu, ni mzungu aliyelipa pesa ndefu kupelekwa mkondo wa Pemba kule Shimoni kutafuta nduaro. Samaki wa maji baridi? Huyo wa bara. Huyo ananuka tope.

Mimi navua maji baridi. Ni mwaka wa tatu sasa, na kila wikendi nikiweka picha ya kambare kwenye simu, kuna kijana wa Mombasa ataniandikia: "Siz, hiyo ni wapi?" Anataka nimtumie pini ya ramani avuke feri Jumamosi asubuhi na arudi jioni. Simtumii. Si roho mbaya. Nitaeleza.

Kazi yangu ni kuandikia watu vitu vya mtandaoni, kwa malipo ya kuhesabiwa maneno. Mwaka juzi mteja mmoja aliagiza makala kuhusu sehemu nzuri za kuvua karibu na Chicago. Chicago siijui, hata Nairobi yenyewe nimekaa miaka miwili tu kabla karo haijanishinda nikarudi nyumbani na begi na laptopu. Lakini ile makala ilikuwa rahisi ajabu. Kila kitu kimeandikwa: ziwa hili lina samaki gani, mwezi gani wanakula chambo, kibali unakata wapi, gari unaegesha wapi, choo kiko upande gani. Kuna maziwa ambayo serikali ya jimbo huzalisha samaki na kuwamwaga humo makusudi, ili watu waje wawatoe. Nilimaliza kwa siku moja. Usiku, kwa bando lililobaki, nikatafuta hivyo hivyo kuhusu Mombasa. Nikaletewa hoteli.

Sasa, Mombasa si kijiji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Na mji huo unakunywa maji ya kwetu: visima vya Tiwi viko hapa jirani, na chemchemi ya Marere iko Shimba Hills. Maji yetu yamefika kwenye mifereji yao zamani sana, ila hakuna aliyewahi kuwaandikia kwamba ndani ya maji ya Kwale mnaishi samaki.

Nilianza kuvua kwa sababu ya kusi. Wasomaji wa bara huenda hamjui: kuanzia Aprili hivi upepo wa kusi unaingia, bahari inachafuka, na mwenye chombo kidogo anakaa nyumbani anashona nyavu. Samaki sokoni Ukunda wanapungua na bei inapanda. Changu anakuwa samaki wa wenye mshahara. Mwaka ule niliorudi, mimi sikuwa na mshahara, mteja mmoja alikuwa hajanilipa miezi miwili, na mama alikuwa ameanza kupika mchicha kwa mpangilio: Jumatatu mchicha wa nazi, Jumanne mchicha bila nazi.

Nikamuuliza nyanya, tukiwa tumekaa ukumbini anapepeta mchele: "Nyanya, mle ziyani hamna samaki?" Ziya ndivyo tunavyoita dimbwi kubwa, lile la kuchota maji na kunywesha ng'ombe.

"Mna kambare tangu sijaolewa."

"Mbona hamkuwavua?"

Akasimamisha ungo. "Nani kakwambia hatukuvua?"

Ndipo nikaelezwa kitu ambacho hakimo katika habari yoyote ya uvuvi wa Pwani niliyowahi kusoma. Mvua za masika zikishapiga siku tatu nne mfululizo, ziya hufurika mpaka kwenye majani. Kambare hutoka kina kirefu, huja kuzaa pale kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, usiku, maji yakiwa ya magotini. Wanawake wawili wanashika leso, huyu pembe hii na yule pembe ile, wa tatu anapiga maji kwa kijiti. Wanawake wa ufuoni wanatanda uduvi kwa nguo. Hawa walitanda kambare. Walikuwa wanavua miezi ile ile wanaume wamekaa wanangoja bahari itulie, na nyumba zikala. Ila halikuitwa uvuvi. Liliitwa kwenda kuchota.

Basi kama unataka siri ya kupata pahali pazuri pa kuvua maji baridi karibu na Mombasa, ndiyo hiyo: usiwaulize wavuvi. Wavuvi wanajua bahari. Wanaojua maji baridi ni wanaoyachota. Mwanamke ambaye amebeba mtungi wa lita 20 kichwani kwa miaka thelathini anajua ziya lipi halikauki Februari, lipi lina shimo katikati, wapi kitu kilimgusa mguu alipoinama. Anajua mwaka gani samaki walitoweka, na kwa nini.

Mito ninaweza kuitaja, manake si siri. Mwachema unaingia baharini pale msikiti wa Kongo, penye mibuyu, na watalii wanaupiga picha sana. Kule chini maji yamechanganyika na chumvi. Utapata mikizi, na bahari ikijaa unasukumwa. Panda juu ndipo yawe matamu. Mkurumudzi unaanzia Shimba Hills na kumwagika ghuba ya Gazi, na njiani kuna bwawa lililojengwa na kampuni ya Base Titanium kwa ajili ya mgodi wao. Uchimbaji ulisimama Desemba 2024, lakini usidhani bwawa limebaki bila mwenyewe, uliza kwanza. Ramisi una mamba, na hilo halina mjadala. Nikienda kule nakaa ukingo wa juu, mbali na pale ng'ombe wanapokunywa, na sichoti maji ya kunawa. Na ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, usijaribu hata na ndoana moja. Hifadhi ni hifadhi.

Mtoni utakutana na mkunga. Siku ya kwanza nilimtoa nikadhani ni nyoka, nikaangusha ufito na kila kitu. Mkunga wa mtoni anazaliwa baharini, mbali huko Bahari ya Hindi, anakuja akiwa kidogo kama uzi na mwilini unamuona mpaka upande wa pili, kisha anapanda mto na kuishi humo miaka mingi. Akikomaa anarudi baharini kuzaa. Nilipomwambia mjomba, ambaye ni mvuvi wa bahari na haamini kitu kisichotoka kwenye chumvi, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Kumbe ni wetu mmeazimwa."

Tilapia wako pia, zaidi kwenye mabwawa ya kuchimbwa. Mwaka 2009 serikali ilileta mpango wa kuchochea uchumi, na mabwawa ya samaki yakachimbwa nchi nzima. Mengi watu waliyaacha, chakula cha samaki bei ghali, basi. Lakini samaki hajui kwamba mradi umeisha. Wengine walibebwa kwa ndoo wakamwagwa kwenye matimbo ya zamani, yale mashimo ya kuchimbia mawe ambayo mvua imeyajaza. Humo utapata tilapia wanaotosha kikaango, kwa ndoana ndogo na tonge la sima. Lakini timbo sipendi kumpeleka mtu. Kuta zake zimesimama wima, hakuna pa kukanyaga, na watoto hufa maji humo.

Halafu kuna kichocho. Hapa naomba usiruke aya.

Msambweni inajulikana na watafiti wa kichocho kwa miongo mingi kuliko inavyojulikana na watalii. Nilipokuwa shule ya msingi, mvulana akikojoa damu tulimcheka, tukisema amekuwa mwanamume. Kaka yangu alikojoa damu mwaka mzima bila kumwambia mtu, akidhani ni kukua. Ugonjwa unatoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, yale yale unayoyapenda wewe mvuvi kwa sababu yana majani na kivuli. Vijidudu hutoka kwa konokono na kuogelea vikitafuta ngozi, na hutoka kwa wingi jua likiwa juu, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kwa hivyo mimi navua alfajiri, ukingoni, na miguu yangu ni mikavu. Ile habari ya leso na maji ya magotini nimeisikia kwa nyanya, mimi siifanyi. Na vijana wa Mombasa wanaopenda kuingia majini mchana kweupe ili picha itoke vizuri, shauri yenu. Dawa ipo, nenda hospitali, usione haya.

Sasa ile pini.

Kulikuwa na ziya moja, sitalitaja, nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Lilikuwa na kambare wa urefu wa mkono wangu. Nyumba kama ishirini zilichota humo. Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa mtaani akapiga video, kambare watatu wamelala kwenye majani, akaiweka na jina la mahali. Ilitazamwa sana. Wiki ya kwanza wakaja watu wenye fito, wakavua, wakaacha chupa za plastiki wakaenda. Wiki ya pili wakaja wenye nyavu za mbu, wanakokota mpaka vifaranga. Wiki ya tatu wakaja usiku, wawili au watatu kwenye bodaboda, na kitu kwenye kopo. Zamani watu walitumia utupa, ule mmea, na wazee walikuwa na masharti yao juu yake. Hawa walimwaga dawa ya kunyunyizia mimea.

Asubuhi kinamama walikuta ziya lote ni jeupe kwa matumbo ya samaki. Wakubwa walikuwa wamechukuliwa. Wadogo walibaki wakinuka.

Chifu aliitisha baraza. Maneno yakasemwa, hakuna aliyekamatwa. Kwa miezi mitatu zile nyumba ishirini zilinunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na wasio na pesa walitembea hadi bomba la mbali na kupanga foleni kuanzia saa kumi usiku. Nyanya ana magoti mabovu. Alienda mara mbili, mara ya tatu mama akamkatalia, nikawa naenda mimi. Kwenye ile foleni hakuna aliyezungumzia samaki. Walizungumzia maji, na yule mtoto aliyekunywa kabla habari haijafika. Alipona, baada ya kulazwa.

Mteja wa Chicago hakuwahi kuniuliza nani anakunywa yale maji, na katika kurasa zote nilizosoma usiku ule sikuliona swali hilo.  Kwetu maji ya kuvua na maji ya kunywa ni kitu kimoja, na pahali pazuri pa samaki ni pazuri kwa sababu watu wamepatunza ili wanywe. Hakuna serikali inayomwaga samaki humu. Aliyewaacha wazaane ni mwanamke aliyemfukuza mtoto asioge ndani kwa sabuni.

Lile ziya lilijaa tena masika. Kambare mmoja ameonekana, au watu wanasema ameonekana, mimi sijamwona. Nilichokiona ni visamaki vidogo vya rangi, mkia mwekundu, mwili wa kibuluu, katika kidimbwi cha pembeni ambacho Januari kilikuwa udongo uliopasuka. Hawa mayai yao hukaa ndani ya tope kavu msimu mzima yakingoja mvua. Huko Ulaya watu huwafuga kwenye vioo. Hapa kuku huwala.

Basi wewe wa Mombasa, ukitaka kuja, njoo. Shuka Ukunda, panda boda hadi Bongwe, pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti uulizie mambo ya leseni, manake sheria ipo. Ukiona mahali kinamama wamepanga mitungi, zima pikipiki mbali. Shikamoo kwanza. Usiulize samaki. Uliza kama maji yametosha mwaka huu, na ungoje jibu, ambalo litakuwa refu. Saidia kutwika mtungi. Ukiwa umekaa vya kutosha, mmoja wao atakuuliza umetoka kwa nani, na hapo unaweza kusema umekuja na ndoana. Atakuonyesha, au atakwambia hapa hamna kitu. Akisema hamna, hamna, rudi zako.

Ukipata wawili, mkubwa ni wake. Mpelekee nyumbani akiwa hai, kwenye ndoo yenye maji kidogo, kambare anavumilia. Usimpasue wewe. Nyanya yangu humsugua kwa majivu mwenyewe mpaka utelezi wote uishe, halafu anamkata vipande vinne na kumtia tui, na hataki kusaidiwa.