Tembe la Mama Mkwe

Wapo wanandoa wanaotafuta ukaribu kwa kwenda Zanzibar wikiendi. Mimi na mume wangu tulijifungia na kompyuta miezi minne, tukijifunza kujenga nyumba ambayo haipo.

Nyumba yenyewe ni tembe alimozaliwa mama mkwe, Hirbadaw, wilayani Hanang. Tembe la Kiiraqw, kama hulijui, huchimbiwa kwenye mteremko, paa lake la udongo likilingana na ardhi kwa nyuma, na ng'ombe hulala humohumo na watu. Familia ililihama miaka ya 1970, watu walipokusanywa vijijini. Leo pale ni shamba la mahindi. Mama alitaka jambo moja tu: wajukuu zake wa Dar wapaone alikotoka. Kwao wao, "kwa bibi" ni nyumba ya bati yenye sola.

Mwaka 2019 Hollywood ilitoa The Lion King ambayo, ukiacha picha moja ya mawio, yote imetengenezwa kwa kompyuta. Sisi tulitaka tembe moja! Tulitumia Blender, programu ya bure, ambayo tangu Desemba 2011 inaweza kufuatilia mwendo wa kamera. Mume wangu alirekodi akitembea. Kazi yangu ilikuwa kuionyesha programu alama za kufuata, zisipungue nane, jiwe hapa, kisiki pale, hadi ikokotoe kamera ilikuwa wapi kila fremu. Kosa la hesabu likizidi pikseli moja, nyumba inateleza juu ya mabua kama sabuni. Halafu ng'ombe! Walipita mbele ya mahali pa nyumba kwa sekunde kumi, na kwa fremu 25 kila sekunde, nilikata miguu na mikia mara 250. Jamani, ndoa inahimili mengi.

Ugomvi wetu ulikuwa mlima. Siku ya kurekodi, Hanang ulijificha mawinguni, basi mwenzangu akabandika picha aliyopiga Katesh mwaka 2024. Ilipendeza, sikatai. Nikamwambia jua la picha ile linatoka kulia, na kivuli cha tembe letu kinaangukia kuliakulia. Unajua alifanyaje? Aliugeuza mlima, kulia kukawa kushoto!

"Nani atajua, mke wangu?"

Akamwonyesha mama kwenye simu. Mama hakujali kivuli. Aliisogeza simu karibu na macho, akaitazama muda mrefu.

"Huu si mlima wetu, baba. Sisi tunauona kwa upande mwingine. Na haya makovu hayakuwepo."

Makovu ni ya maporomoko ya tope ya 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80. Mama ana watu wake Katesh. Akarudisha simu, akaenda kuangalia mboga jikoni. Mume wangu aliifuta picha mwenyewe, bila mimi kusema neno.

Tulirudi Hirbadaw alfajiri ya siku isiyo na wingu, safari hii mama akiwa kwenye kiti kando ya kamera. Alionyesha kwa fimbo mlango ulipokuwa. Tukausogeza hatua mbili. Sasa kimebaki kipande cha mwisho: anasema paa letu liko juu mno, maana enzi zile mbuzi walikuwa wanapanda kwa nyuma na kusimama pale juu, na anawataka.

Mbuzi, mpenzi msomaji, ni fremu nyingine 300.