Malisho ya Malaika Mjini Manchester

Msafiri ashukaye katika stesheni ya Victoria, mjini Manchester, Uingereza, huwa amesimama juu ya mto pasipo kuuona. Ni Mto Irk, upitao gizani chini ya reli. Akitoka nje na kupanda upande wa kaskazini, mwendo wa dakika chache, atafika penye bustani ya majani mabichi iitwayo Angel Meadow, yaani Malisho ya Malaika. Jina ni zuri mno. Chini ya majani hayo wamezikwa maskini wapatao 40,000, na kaburi la mwisho lilifukiwa yapata mwaka 1816.

Kilichowaleta watu hapa ni pamba. Viwanda vya kusokota nyuzi vilipofunguliwa, wakulima waliacha mashamba, na wengine walivuka bahari kutoka Ireland, wote wakifuata mshahara. Mwaka 1801 mji haukuwa na watu hata 100,000. Kufikia mwaka 1851 walizidi 300,000. Nyumba zilijengwa upesi upesi, zikipeana migongo, bila dirisha la nyuma. Maelfu walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi, ambamo maji machafu yalipenya sakafuni. Choo kimoja kilitumiwa na jamaa nyingi, na taka zikaishia katika Irk pamoja na uchafu wa viwanda vya ngozi. Mwaka 1832 kipindupindu kikaingia.

Mwaka 1842 Edwin Chadwick, karani mwenzetu kwa namna fulani, alitoa taarifa yake juu ya afya ya vibarua. Alionyesha kuwa wastani wa umri wa kufa kwa mabwana wa Manchester ulikuwa miaka 38, na kwa vibarua wa mji huo 17. Lakini katika Rutland, wilaya ya wakulima, kibarua naye alifikia wastani wa miaka 38, sawasawa na bwana wa Manchester! Msomaji asidhani ya kuwa kila kibarua wa mjini alikufa angali kijana. Hesabu ilishushwa na watoto, kwa maana zaidi ya nusu yao walikufa kabla ya kutimiza miaka 5.

Siku zile waganga wengi waliamini ya kuwa maradhi huletwa na harufu mbaya. Chadwick naye aliamini hivyo, lakini dawa aliyoitaka, yaani mifereji na maji safi, ilikuwa ndiyo. Mhandisi Bateman alianza mwaka 1848 kujenga mabwawa katika bonde la Longdendale, na mwaka 1851 maji ya milimani yakafika mjini. Mwaka 1894 yakaongezwa ya ziwa Thirlmere, ambayo husafiri zaidi ya kilomita 150 yakiteremka yenyewe bila pampu.

Nafuu hiyo haikufika upesi katika Angel Meadow. Wakazi wake walikuwa fukara hata wakachimba udongo wa makaburi na kuwauzia wakulima kuwa mbolea. Ndipo mwaka 1855 makaburi yakafunikwa kwa mawe bapa, na mahali pale pakaitwa kwa jina la mawe hayo, St Michael's Flags.